Maji Yaliyooshea Kinyesi cha Chui

Kazi ya kuosha mavi ya chui haisomewi. Hakuna chuo kinachoitolea cheti, wala mzazi anayepiga magoti kumwombea mwanawe aipate. Mtu huiangukia tu, kama alivyoiangukia huyu bwana, aliyekwenda kwenye kituo cha utafiti wa misitu kuomba kazi ya ulinzi, akaambiwa walinzi wametosha lakini iko nafasi ya "fundi msaidizi wa sampuli." Jina lilikuwa refu na lilijaa mdomoni vizuri. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, aliyekuwa bado bibi harusi, kwamba amepata kazi ya sampuli.

"Sampuli za nini?"

"Za wanyama."

"Sehemu gani ya mnyama?"

Hapo yule bwana akakohoa, na kikohozi hicho mkewe alikisimulia kwa miaka ishirini na sita kila alipotaka kuchekesha wageni.

Kituoni kitu hicho kilikuwa na majina matatu. Wataalamu waliandika "kinyesi." Askari wa porini, waliokiokota njiani na kukileta katika mifuko ya karatasi, walisema "mzigo": mzee, leo tuna mizigo minne, pokea. Watu wengine wote walisema mavi, kwa kuwa ndiyo. Mwenyewe alitumia neno la askari, akaridhika nalo. Mtu anayepokea mizigo ana hadhi fulani. Ni kama yuko bandarini.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo kuu, kimekatwa kwenye ubavu wa mlima. Kilikuwa na sinki la saruji, mabomba mawili ambayo moja lilikufa kabla hajaajiriwa na halijazikwa, meza ya bati, na machujio matatu ya waya, la matundu makubwa, la kati na dogo. Ukutani ilibandikwa karatasi iliyopigwa plastiki, yenye maneno manne kwa herufi kubwa: LOWEKA. CHUJA. MWAGA. HIFADHI.

Ndiyo elimu yote. Mzigo unalowekwa siku nzima mpaka ulainike. Unapitishwa kwenye chujio chini ya bomba. Nywele, meno, kucha na vipande vya mifupa hubaki juu. Maji hupita chini na kushika mfereji unaotokea nyuma ya chumba, yakapotelea kwenye changarawe. Kilichobaki hukaushwa, hutiwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa wataalamu, ambao kwa kutazama unywele mmoja humwambia ulimwengu chui amekula nini. Katika fomu palikuwa na safu nne, moja kwa kila neno, na kila safu ilitakiwa alama ya vema. Ikiwa yupo aliyewahi kulitii neno moja la lugha yake kwa uaminifu kama fundi huyu alivyolitii neno "mwaga", basi huyo alikuwa mtakatifu na kaburi lake linazuriwa.

Kutokana na kazi hii walimwita Chujio, kisha umri ulipoongezeka, Mzee Chujio. Hakuwa mtu wa kununa. Baada ya mwaka wa tatu alijua nywele kwa vidole kabla wataalamu hawajazijua kwa hadubini. Na alichokijua kilikuwa cha kuvunja moyo kidogo. Chui wa hadithi hula swala, na siku mbaya hula watu. Chui wa kituo alikula panya buku. Panya buku, panya buku, ngedere, panya buku, digidigi mara moja kwa sikukuu, kisha panya buku tena. Wageni waliotoka mbali kuja kusikia habari za mfalme wa mwituni waliondoka kama watu waliomkuta mfalme akila uji.

Mkewe aliajiriwa mwaka mmoja baada yake, kwenye kitalu cha miche, hatua mia tatu chini ya chumba cha mumewe. Wakamwita Mama Miche. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyezungumza na miche kama mwalimu anayejua wazazi wa kila mtoto. Na tangu siku ya kwanza aliweka sheria, wala hakuibandika ukutani kwa kuwa hakuwa na haja.

Mabuti ya mpira na ovaroli vinabaki kazini. Mlangoni pa nyumba kuna ndoo, kata, na kipande cha sabuni ya mche. Mikono inaoshwa mara tatu.

"Baba, mikono?"

"Nimeosha."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Rudi."

"Mama, hata daktari wa upasuaji…"

"Daktari wa upasuaji hashiki unachoshika wewe. Rudi."

Sheria ya pili ilihusu kitalu. Mzee Chujio hakuruhusiwa kupita humo akitoka kazini, hata kwa kukatiza. "Miche yangu ni watoto wachanga," alisema mkewe. "Mtu hatoki chooni akambeba mtoto mchanga." Naye hakubisha. Kwa miaka ishirini na tano alizunguka kwa njia ya juu, mwendo wa robo saa zaidi, mvua na jua, ili uchafu wake usiwaguse watoto wa mkewe. Wako wanaume wanaoandika mashairi. Yeye alizunguka.

Yapasa sasa kusema habari za Kipara. Juu ya kituo palikuwa na kilima ambacho zamani kilijaa miombo, mpaka barabara ilipotaka changarawe. Mashine zikaja, zikakikwangua mpaka kwenye mfupa, zikaenda zao. Barabara ilikuwa nzuri kwa miaka sita. Kilima kilibaki na jina la Kipara, na kituo kikapewa jukumu la kukiotesha nywele.

Jukumu hilo liliteremka ngazi kwa ngazi, kama majukumu yanavyofanya, mpaka likamfikia Mama Miche. Alikusanya mbegu za miombo. Alichukua udongo, akauchoma juu ya bati ili kuua magugu na wadudu, kama alivyofundishwa, akaujaza kwenye viriba vya plastiki. Miche ikaota imenyooka, yenye majani mekundu ya utoto, ikawa kijani, ikapigwa picha. Mvua zilipoanza ikapandishwa Kipara na kupandwa kwa mistari. Kiangazi cha kwanza ikawa ya njano. Kiangazi cha pili ikawa vijiti.

Akapanda tena. Vijiti. Akabadili mbegu, vijiti. Akatia samadi ya ng'ombe, ikawa vijiti vyenye samadi. Mara kumi na moja katika miaka ishirini na tano alipanda Kipara, na mara kumi na moja Kipara kilimrudishia kuni za kuwashia moto.

Watu hawana subira na mtu anayeshindwa kwa bidii. Kushindwa kwa uvivu wanakuelewa. Lakini huyu aliyeamka kabla ya jogoo, akainama, akabembeleza, na bado mti ukafa, lazima ana kitu. Wakaanza kusema ana mkono wa moto. Kisha askari mmoja wa porini, mcheshi wa kituo, akasema, "Huyu si Mama Miche, huyu ni Mama Vijiti," na jina likashika siku hiyohiyo. Tofauti na miche yake, lilishika mizizi.

Mbele za watu alicheka. "Mama Vijiti nipo," aliitika, "nani anataka cha kuchokonolea meno?" Nyumbani alikaa kwenye kigoda na kuitazama mikono yake, wa kulia juu ya wa kushoto, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Mwaka mmoja alipita nyuma ya chumba cha mumewe kutafuta mahali pa kutupa viriba vilivyopasuka, akasimama. Hapo kwenye changarawe, mahali mfereji ulipoishia, palisimama miombo mitatu iliyomfika kifuani. Aliitambua. Ilikuwa miche aliyoitupa hapo miaka mitatu nyuma kwa kuwa ilipinda shina. Changarawe ile ilikuwa ileile ya Kipara, mwamba uleule uliokatwa.

"Baba Chujio! Toka huku!" Alimwita hivyo alipokuwa na hasira au furaha, na leo hakujua ni ipi. "Viwete vyangu nilivyovitupa vimeota nyuma ya choo chako?"

"Si choo. Ni maabara."

"Unavipa nini?"

Mzee Chujio akatazama miti, akatazama mfereji. "Sivipi kitu. Maji tu yanapita."

"Maji gani?"

"Ya kuoshea. Machafu."

"Kwa hiyo ni maji."

"Maji tu, mama."

Basi Mama Miche akahitimisha kwamba Kipara kina kiu. Tangu hapo, kila kiangazi, kwa miaka minne, alipandisha maji kilimani kwa keni mbili za bati, na siku za Jumapili mumewe alimsaidia. Kwanza alioga mwili mzima, akavaa shati safi, akasugua kucha. Kisha akachota maji bombani, safi kabisa, yanayong'aa, akayabeba mpaka juu, akamwagia mche mmoja mmoja bila kuugusa, huku akizuia pumzi. Haya tunayaandika kama yalivyokuwa. Aliyekuwa na maji machafu alibeba maji safi, kwa heshima.

Miche ikafa ikiwa imeoga.

Miguu ya Mama Miche ilianza kuvimba mwaka uliofuata. Hospitali wakasema ni moyo, umechoka, apumzike, na asibebe vitu vizito. Akauliza keni ya maji ni kitu kizito? Wakamwuliza ina lita ngapi. Akawapunguzia nusu, bado wakasema ni nzito. Akalala kwenye kitanda karibu na dirisha ambalo lilionyesha Kipara chote, na mumewe alipotaka kukigeuza kitanda akakataa.

Alasiri moja, jua likiwa bado kali, alimwita.

"Nikuulize. Usinidanganye kwa kuwa naumwa."

"Uliza."

"Mkono wangu una kasoro?"

"Hauna."

"Wanasema una moto."

"Wanasema mimi nanuka, na wananisalimia kwa mkono. Watu wanasema."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamletea kikohozi. Kisha akasema, "Kama si mkono, basi ni nini?"

Mzee Chujio alikuwa ameosha mikono mara tatu. Aliushika mkono wa mkewe, akatafuta jibu kichwani mwake kote, akakuta nywele za panya. "Sijui, mama," akasema.

Mama Miche akafa wiki ile, katikati ya kiangazi. Mazikoni mkuu wa kituo alisimama, akasoma kwenye karatasi kwamba marehemu alipanda miche zaidi ya elfu arobaini katika utumishi wake uliotukuka. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nyuma, mtu akasema chini kwa chini, "Elfu arobaini. Na iliyopona?" na mwenzake akamkanyaga mguu. Mzee Chujio alisikia yote mawili, swali na kukanyagwa.

Baada ya msiba mambo yalikwenda kwa mfululizo ambao mtunzi wa hadithi angeuonea haya. Kwanza mradi wa Kipara ulifungwa, kwa kuwa aliyekuwa akishindwa hayupo. Kitaluni ikabaki miche mia mbili na sitini, ya mwisho aliyoiatika marehemu, na ikaamuliwa viriba vipasuliwe ili udongo ukatumike kwenye maua ya getini. Kisha chui akafa. Alikuwa jike, wa mwisho aliyejulikana upande huo wa msitu. Mtu aliyechoka kuliwa mbuzi alitia sumu kwenye mzoga, na askari yule mcheshi ndiye aliyemkuta ubavuni mwa korongo. Alikuja kumwambia Mzee Chujio mwenyewe, kofia mkononi, bila mzaha wowote.

"Mzee, mizigo imekwisha."

"Imekwisha leo?"

"Imekwisha basi."

Ghalani ilibaki mifuko saba.

Mwezi huohuo akaja kituoni msomi mmoja, mwanamke wa umri wa binti zake Mzee Chujio, ambao wote wawili walikuwa wameolewa mbali. Walimwita Daktari wa Uyoga. Siku ya pili aliingia kwenye chumba cha kuoshea bila kuziba pua, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasimama mbele ya sinki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bahasha za nywele ziko kabatini, miaka yote, kwa mpangilio."

"Nywele sizihitaji. Nataka maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kuoshea. Yanayopita chini ya chujio. Mnayaweka wapi?"

Mzee Chujio akanyoosha kidole ukutani, kwenye neno la tatu.

Daktari akasoma. Akafumba macho kidogo. "Yote?"

"Miaka ishirini na sita. Ukitaka fomu, zipo. Kila moja ina vema."

Alichukua tone lililobaki chini ya beseni la kulowekea, akaliweka kwenye kioo, akatazama kwa hadubini, akamwachia kiti. Mzee Chujio akainama. Aliona kitu kama anga lililojaa mipira midogo ya kahawia, mingine ina miiba, mingine ina mabaka, mamia kwa mamia, imetulia.

"Ni nini hivi?"

"Mbegu za uyoga. Sisi tunaziita spora. Ni ndogo mno, chujio lako haliwezi kuzizuia."

"Chui anakula uyoga?"

"Hali. Sikiliza, mzee wangu." Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Kuna uyoga usiotoka nje. Unaishi chini ya udongo, kwenye mizizi ya miti. Upepo hauufikii, kwa hiyo hauwezi kupeperusha mbegu zake. Unachofanya ni kunukia. Panya buku anausikia, anachimba, anakula. Mbegu hazisagiki tumboni. Lakini panya si msafiri, anakula hapa, anajisaidia palepale. Chui anamla panya, na tumbo la panya na vilivyomo. Kisha chui anatembea. Anavuka korongo, anavuka mlima, kesho anaacha mzigo mahali ambapo panya yule asingefika maisha yake yote. Na mle ndani mbegu bado nzima."

"Zinafanya nini zikifika?"

"Zinangoja mzizi. Mwombo hauwezi peke yake kwenye ardhi ngumu. Uyoga unajivika kwenye mizizi yake, unautafutia maji na chakula mahali mzizi usipofika, nao mti unaulipa uyoga sukari. Ukiupanda mwombo mahali pasipo na huo uyoga, unaishi kwa akiba ya kwenye kiriba tu. Mwaka, miwili. Halafu basi."

"Kiangazi cha kwanza ni njano," akasema Mzee Chujio.

"Haswa."

"Cha pili, vijiti."

"Umeona wapi?"

Mzee Chujio aliuliza habari za udongo wa kwenye viriba. Kama mtu akiuchoma juu ya bati, je? Daktari akasema moto unaua magugu, na unaua uyoga pia. Akauliza habari za maji ya bomba. Daktari akasema ni maji tu. Kisha, akijua jambo dogo tu la historia ya kituo na akitaka kumfariji, akatabasamu: "Tatizo lenu ninyi, mzee, mlikuwa wasafi mno."

Mzee Chujio alitoka nje, akaenda nyuma, kwenye mfereji. Miombo mitatu ilikuwa imemzidi kimo. Alikaa chini yake mpaka Daktari alipokuja kumtafuta.

"Nimekosea nini, mzee?"

"Hujakosea. Kuna mtu aliniuliza swali, nikamwambia sijui." Akapangusa uso kwa mkono wa ovaroli, ule uliokatazwa kufika nyumbani. "Jibu nilikuwa nalimwaga."

Wahenga walishalimaliza jambo hili zamani: maji yakimwagika hayazoleki. Ni methali ya kumfariji mtu anayetakiwa kukaa kimya. Mzee Chujio hakuwa msomi, lakini kazi yake ilikuwa kumwaga maji, na kwa mtu wa kazi hiyo methali ina tundu: haisemi chochote juu ya maji ambayo bado hayajamwagwa. Ghalani kulikuwa na mifuko saba. Kitaluni miche mia mbili na sitini, siku nne kabla ya kupasuliwa. Mvua zilikuwa zimeanza kunong'ona.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye meza. Alieleza kwamba mifuko saba ni sampuli za mwisho za chui wa mwisho, na makao makuu wanaitaka.

"Wanataka nini hasa, mkuu? Nywele au mifuko?"

"Sampuli, mzee. Zilizotayarishwa kwa utaratibu."

"Utaratibu unasema loweka, chuja, mwaga, hifadhi."

"Ndiyo huohuo. Ufuate."

"Nitaufuata. Hilo la tatu, nimwage wapi?"

Mkuu aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Mzee Chujio, unanitania? Maji ya mavi! Mwaga popote."

"Popote."

"Popote, baba, ilimradi si hapa ofisini."

"Na ile miche ya kitaluni, inayotupwa. Nayo naweza kuitupa popote?"

"Itupe hata mbinguni. Kuna jingine?"

Hapakuwa na jingine. Daktari alichota kijiko kimoja kutoka kila mfuko kwa ajili ya vichupa vyake, akasema kilichobaki ni cha mwenye haki nacho zaidi. Mzee Chujio akaloweka. Kesho yake akachuja, polepole kuliko siku yoyote, akisuuza kila unywele kama anayeogesha mtoto. Panya buku, panya buku, panya buku. Maji akayakinga kwenye mapipa mawili ya plastiki. Nywele akazikausha na kuzitia kwenye bahasha, na bahasha zikaenda makao makuu, ambako bila shaka zipo hata sasa na hakuna anayezihitaji.

Halafu ikabidi aingie kitaluni.

Alisimama kwenye kiingilio na mabuti yake, na ovaroli yake, na mikono inayonuka chui. Miaka ishirini na tano hajawahi kuvuka mstari ule akiwa hivyo. Hakuna aliyemzuia, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kupita. Askari mcheshi, aliyejitolea kubeba, alimwuliza ana nini.

"Nangoja," akasema.

"Unangoja nani?"

"Nangoja kufukuzwa."

Askari akatazama chini. Yeye ndiye aliyelibuni jina la Mama Vijiti, na siku zile alikuwa akisaidia kila mtu kila kitu. Mwishowe Mzee Chujio akasema kwa sauti, "Samahani, mama," akavuka, akainama, akashika mche wa kwanza kwa mikono yote miwili.

Walipanda siku tatu, kwenye manyunyu. Kila mche ulipofukiwa, Mzee Chujio alichota maji ya mapipa kwa kikombe cha bati alichonywea chai marehemu, akamimina shinani. Kikombe kimoja kwa mche mmoja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi na yalinuka mpaka askari akasimama upande wa upepo. Yalipokwisha ilibaki miche tisa. Aliipanda pia, akaimwagia maji ya mvua, akaiwekea alama ya jiwe. Usiku ule alijaza fomu. Loweka, vema. Chuja, vema. Hifadhi, vema. Katika safu ya Mwaga, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuweka alama. Aliandika: *Kipara, kwa Mama Miche.* Fomu ilirudishwa kutoka ofisini na maelezo kwamba safu hiyo haihitaji maelezo.

Akastaafu. Nyumba ilikuwa yake, hivyo hakuhama, na kitanda kilibaki pale dirishani. Kiangazi cha kwanza hakupanda kilimani; alitazama tu, na kwa mbali hakuona njano, lakini macho yake yalikuwa ya kizee na hakuyaamini. Kiangazi cha pili, mwezi ule ambao kawaida vilihesabiwa vijiti, alivaa mabuti aliyoagwa nayo kazini, akapanda.

Alikwaruza gome la kila mmoja kwa ukucha kuangalia kama chini ni kijani. Mia moja sabini na moja ilikuwa hai. Si muujiza, miche themanini na tisa ilikufa, na katika ile tisa yenye mawe haikusalia hata mmoja. Mingine ilimfika kiunoni. Ilikuwa imenyooka, kwa kuwa aliyeiatika hakuacha kiwete.

Daktari aliandika makala yake, na makala nzuri. Mwishoni alimshukuru "fundi wa kituo kwa msaada wa uoshaji." Miche iliitwa "miche kutoka kitalu cha jirani." Kituoni walisema, kama watu wanavyosema, kwamba Daktari yule ana mkono mzuri, maana amekuja msimu mmoja tu na Kipara kimekubali. Mzee Chujio alijaribu kusahihisha. Alisimama dukani akaeleza habari za panya, na chui, na spora, na mkono wa mkewe usio na kasoro, na muuza duka akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Pole sana, mzee. Upweke ni ugonjwa."

Na chui hayupo. Hilo nalo lisemwe, kwa kuwa miti haitalisema. Mia moja sabini na moja iko juu ya Kipara kama watu walioshushwa kisiwani na mashua ikavunjwa. Upande wa pili wa barabara kuna kilima kingine kilichokwanguliwa, na panya buku wa huku hawezi kufika huko, na aliyekuwa akimbeba tumboni ameliwa na sumu.

Jua lilikuwa linateremka alipofika nyumbani. Ndoo ilikuwa mlangoni, kata juu yake, na kipande cha sabuni kilichokauka mpaka kikapasuka. Aliipita. Aliingia na mabuti yake, matope ya Kipara yakibaki sakafuni hatua kwa hatua, akaenda moja kwa moja mpaka kitandani, akakaa, akaweka mikono mapajani, wa kulia juu ya wa kushoto, kucha zina kijani.

"Haukuwa mkono, mama," akasema.

Akatulia, ameinamisha kichwa upande wa mlango, akisikiliza kama ataambiwa rudi.